Sura ya Tisa: Maji ya Shamba la Juu

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua, na mtu mzito akishaamua jambo kabla ya chai ya asubuhi, kumgeuza ni kazi. Aliusukuma mezani mfuko wa nailoni wenye chupa tupu ya dawa ya wadudu, kisha akajifuta mkono kwenye suruali kana kwamba sumu ilikuwa imepenya nailoni.

"Chupa ipo. Ugomvi upo. Samaki wamekufa," alisema. "Kesho asubuhi mzee anapanda kizimbani. Sasa wewe, Inspekta, unatafuta nini tena?"

"Natafuta kilichowaua samaki."

"Si hicho hapo mbele yako?"

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na askari wadogo walimwita Mama Kwanini akiwa hayupo. Jina alilijua na hakulichukia. Alichokichukia ni kesi kufungwa kwa sababu tu imewachosha watu.

Kesi yenyewe ilisimulika kwa pumzi moja. Mzee ambaye kila mtu alimwita Kobe, kwa vile hakuwahi kuharakisha hatua wala neno, alilima mchicha kwenye shamba la juu la bonde. Chini yake, mdogo wake wa tumbo moja alichimba bwawa la samaki. Katikati yao ulipita mfereji, na kwa ajili ya mfereji huo ndugu hao wawili walikuwa hawasalimiani hata msibani. Ilipopiga mvua kubwa ya kwanza ya msimu, kulipambazuka bwawa zima limejaa samaki waliogeuza matumbo juu. Kando ya maji ikaokotwa chupa ya Kobe. Mdogo mtu akakimbilia polisi, kaka mtu akawekwa ndani. Kutia sumu kwenye maji ni kosa la miaka mingi, na kwa mtu wa umri wa Kobe kifungo chochote ni cha maisha.

"Sikiliza, mama," Mkuu alisema kwa sauti ya kubembeleza, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kufoka. "Wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Ndiyo, mkuu. Ndiyo maana naenda shambani."

Alichukua mfuko wa nailoni, akaunyanyua mbele ya dirisha na kuchungulia shingo ya chupa. Akakaa hivyo kitambo.

"Unakipeleka wapi kielelezo?"

"Nakwenda kukionyesha kwa mwenyewe. Inaelekea tangu kifike hapa hakuna aliyekitazama."

Kitongoji kilikuwa kisafi hata kikatia shaka. Nyumba zote za kando ya barabara zilipakwa chokaa, mawe ya ukingoni yalipakwa chokaa, na miti ilivishwa chokaa mpaka kiunoni. Kwenye bonde ambalo mabati ya kila paa yalikuwa na kutu, weupe ule ulikuwa kama shati la harusi juu ya suruali ya kazi. Inspekta aliuona, akaupita, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kwenye chupa.

Mwenye bwawa alikuja kumpokea na sauti yake ikafika kabla yake. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, wa kupenda kusikilizwa.

"Afande! Umerudi? Mimi nilidhani mambo yamekwisha."

"Yakiisha utaambiwa. Nionyeshe chupa ilipokuwa."

"Hapa hapa. Imelala hivi."

"Ilikuwa na kifuniko?"

"Kifuniko cha nini, na mtu ameshaimwaga?"

Inspekta alichutama ukingoni. Maji yalikuwa yametulia, ya rangi ya chai iliyolala. Kwenye kona yenye kivuli, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikipanda na kushuka kwa furaha zao, bila habari ya msiba wowote.

"Hivi vilikuwepo asubuhi ile?"

"Vipo siku zote, afande. Wiki ile mbu walitutafuna mpaka tukakosa adabu."

"Kwa hiyo dawa ya wadudu iliua samaki, ikawaacha wadudu."

Mwenye bwawa alikuna kichwa. "Labda mbu wa huku wameizoea."

"Labda. Samaki ulipowatoa, kwenye mashavu, pale wanapopumulia, uliona nini?"

"Ute. Ute mzito, kama mtu mwenye mafua. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa."

"Mwanzoni."

"Ndiyo, mwanzoni."

"Halafu ukaipata chupa."

"Halafu nikaipata chupa."

Inspekta aliitoa ile chupa kwa kitambaa, akamwekea machoni. "Hebu chungulia humo. Unaona nini?"

Mwenye bwawa alifumba jicho moja. "Utando wa buibui."

"Na vile vitu vyeupe chini ya utando?"

"Mayai yake."

"Huyo buibui mwenye haraka ni wa wapi, bwana? Usiku sumu imemwagwa, na chupa imekuwa mikononi mwako, kisha kwenye mfuko wa polisi, tangu alfajiri ile. Alihamia saa ngapi? Akajenga saa ngapi? Akataga saa ngapi?"

Sauti ya mwenye bwawa, ambayo ilikuwa ikijaza bonde, ilipotea yote. Alitazama mfereji, akatazama viatu vyake.

"Kwanini?" aliuliza Inspekta.

"Ni yeye, afande! Nani mwingine? Mvua imeshusha maji kutoka kwake, yakaingia kwangu, samaki wakafa. Ningekuja kituoni mikono mitupu, mngenisikiliza? Nikaenda kwenye jalala lake nikaokota."

"Ukaongeza ushahidi."

"Niliusaidia kidogo tu."

"Yule ni kaka yako."

"Kaka, ndiyo. Lakini wewe hujawahi kuwa mdogo wake."

Hasira ilimpanda Inspekta mpaka masikio yakawa ya moto. Angeweza kumfunga pingu pale pale, na mkono ulishafika kiunoni. Alijizuia kwa sababu moja: pamoja na uovu wake wote, mtu huyu alikuwa amesema jambo moja la kweli. Maji yalikuwa yametoka juu. Mdomo wa mfereji ulikuwa umetandika tope jeusi, laini kama masizi, na udongo wa bonde lile ulikuwa wa rangi ya kahawia. Alipokuja mara ya kwanza alichota maji, tope na majani ya mchicha, akavipeleka maabara, na tangu hapo alikuwa akisubiri simu.

Simu ililia akiwa bado amesimama hapo. Sehemu ya kusikilizia ilikuwa imekufa tangu zamani, kwa hiyo yeye na spika walikuwa ndugu. Akabonyeza, na sauti ya Mkemia ikatoka kavu, ya mtu asiyependa salamu ndefu.

"Hakuna dawa ya wadudu hapa, mama. Hata chembe."

"Kuna nini?"

"Kuna metali. Kwenye maji kuna shaba na zinki, ya kutosha kumziba samaki pumzi. Kwenye tope na majani kuna kadimi."

"Kadimi ndiyo nini?"

"Metali ya viwandani. Karakana zinaitumia kupakia vyuma visishike kutu. Mwilini haina kazi yoyote. Inaingia kwenye figo, na ikishaingia inakaa miaka. Na mboga za majani zinaivuta kuliko mmea mwingine wowote. Huyo mzee aliweka mbolea gani?"

Kabla Inspekta hajafungua kinywa, mwenye bwawa alidakia. "Mbolea nyeusi! Ile ya bure! Si yeye peke yake, bonde zima tumeiweka!"

"Nani huyo?" Mkemia aliuliza.

"Endelea," alisema Inspekta, na baadaye alijuta neno hilo kuliko yote aliyosema siku ile.

"Basi ni tope la maji taka ya mjini. Karakana zinamwaga uchafu wao kwenye mabomba ya choo, tope linaukusanya, wanalikausha, wanalipa jina zuri. Hata hivyo lina dawa yake. Ukitanguliza chokaa, udongo unaishika metali, haiendi mbali. Udongo wa huko ni mchachu. Bila chokaa, mvua ya kwanza tu inaondoka na kila kitu. Hao watu hawakupewa chokaa?"

Inspekta aligeuza shingo polepole kuelekea barabarani. Nyumba zilikuwa zimepangana pale juu, nyeupe, zinaumiza macho.

"Walipewa," alisema.

Alipogeuka kumtafuta mwenye bwawa, hakumwona. Mtu mnene vile alikuwa ameondoka bila kishindo.

Nyumbani kwa Kobe aliwakuta mke wa mzee huyo na binti yake wamekaa kizingitini wanafunga mchicha mafungu kwa ajili ya soko. Katikati yao alikuwepo mtoto wa yule binti, wa umri wa kusimama kwa kushika ukuta, na bakuli la mboga iliyochemshwa. Nusu ya mboga ilikuwa usoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta?"

"Bado."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga. Alikuwa wa aina ya wanawake ambao wamezoea kuambiwa bado. Inspekta alichukua ufunguo wake, akakwangua ukuta, unga mweupe ukamjaa kiganjani.

"Chokaa hii mlinunua?"

"Tungeinunua na nini? Aliileta Bwana Shamba, lori moja na mbolea. Magunia meupe huku, magunia meusi kule."

"Aliwaambia ni ya nini?"

"Alisema mgeni rasmi anakuja kuizindua mbolea, na kwamba hatutamwaibisha kwa nyumba zenye matope. Tukapaka mpaka migongo ikalia. Kobe wangu, na mwendo wake ule, alipaka na mawe ya barabarani."

"Na shambani hamkumwaga hata konzi?"

Mama alimtazama kwa huruma kidogo. "Shambani? Nani anapaka rangi shamba, mwanangu?"

"Na mgeni alifika?"

"Alipita," alisema yule binti, akiwa hajainua macho. "Walimfungulia kioo cha gari, akapunga mkono. Kwenye shamba la mfano la Bwana Shamba ndipo aliposhuka, akapigwa picha na koleo."

Inspekta alikwenda shambani, akachota udongo kwenye kikombe, akautia maji, akachovya kikaratasi cha kupimia uchachu alichopewa na Mkemia. Kikawa chekundu. Akasogea mistari kadhaa, akachovya kingine, nacho kikawa chekundu. Kwa ukaidi tu akachukua unga wa ukutani na maji safi, akachovya cha tatu, kikageuka buluu mara moja. Alisimama kati ya mchicha uliostawi vizuri kuliko mchicha wowote aliowahi kuuona, mpana, mororo, wa kijani cha kutamanisha, na hakugusa hata jani.

Aliporudi, binti alikuwa amesimama.

"Afande, nisamehe. Baba mdogo amepita hapa sasa hivi anahema. Ni kweli alichosema? Kwamba mboga zetu zina sumu?"

Kumbe alikuwa anapita nyumba hadi nyumba. Maneno yalikuwa yamemtangulia.

"Kwa sasa msizile na msiziuze," alisema Inspekta. "Nimekuja kumtoa baba yako."

"Unamtoa yeye, unatufunga sisi. Haya yakifika sokoni, nani atagusa fungu la bonde hili? Mwaka kesho? Mwaka wa keshokutwa?"

Mama mtu alinyoosha mkono, akaliondoa lile bakuli mbele ya mtoto. Mtoto akalia kwa uchungu wa mtu aliyeporwa mchana kweupe.

Ofisi ya Bwana Shamba ilikuwa na feni isiyozunguka na picha kubwa ya uzinduzi. Mgeni rasmi alikuwa katikati, koleo mkononi, kilima cha mbolea nyeusi miguuni, na pembeni kabisa, nusu ya uso imekatwa na fremu, Bwana Shamba mwenyewe akitabasamu. Alikuwa kijana bado, shati limenyooka, kalamu mfukoni.

"Chokaa iligawiwa kwa kila kaya," alisema kabla hajaulizwa vizuri.

"Kwa kazi gani?"

"Kwa shughuli za maendeleo."

"Wewe umesomea udongo?"

"Ndiyo, mama. Nina stashahada."

"Chokaa ya kilimo inawekwa wapi?"

"Shambani."

"Kabla ya mbolea ya tope au baada yake?"

"Kabla. Inachanganywa na udongo kwanza, ndipo..."

"Basi nieleze. Ukutani mmepanda nini?"

Bwana Shamba alivuta droo, akaifunga, akaivuta tena. Hakukuwa na kitu alichokuwa akikitafuta humo.

"Amri ilitoka juu," alisema.

"Juu wapi?"

Alionyesha dari. "Niliambiwa kijiji king'are, na rangi haikuwepo. Chokaa ilikuwepo. Nikaona tutumie hii kwanza, nitaomba nyingine."

"Uliomba?"

"Niliomba."

"Ikaja?"

"Haikuja."

"Ukawaambia wakulima wasimwage mbolea mpaka ije?"

"Mama, mgeni alitaka kuiona ikimwagwa! Ungekuwa mimi ungemwambia nini? Samahani mheshimiwa, rudi mwezi ujao?"

"Ulijua madhara yake."

"Nilijua kwa kitabu," alisema kijana yule, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kweli. "Kwa macho sikuwahi kuyaona. Mambo mengi ya kwenye kitabu huwa hayatokei."

Inspekta alimtazama. Alikuwa amekuja na hamu ya kumkamata mhalifu, mtu mwenye meno, na badala yake amepewa huyu: mtoto wa watu aliyeogopa kumuudhi mkubwa. Ilimuuma zaidi. Mhalifu unaweza kumchukia kwa raha.

"Nyumbani kwako mboga mnanunua wapi?"

Bwana Shamba aliangalia feni. "Mjini."

"Tangu lini?"

Alichomoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Utayasema haya mbele ya hakimu kesho?"

"Mama, nina familia."

"Na Kobe ana nini? Ng'ombe?"

Alimwacha amekaa chini ya picha yake. Njiani alipanga kila kitu kichwani: buibui, viluwiluwi, ute kwenye mashavu, vikaratasi vyekundu, kuta nyeupe. Ilikuwa kesi nzuri, imekamilika kila upande, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikanyaga ngazi za kituo na nafuu moyoni.

Mkuu alikuwa mlangoni anamsubiri, uso umenawiri.

"Pole kwa jua, Inspekta. Mzee wako amekiri."

"Amekiri nini?"

"Yote. Kwa kinywa chake, na dole gumba ameweka. Mdogo wake alikuja kumwona, wamekumbatiana hapo ndani mpaka mimi mwenyewe machozi yalinilenga." Akacheka kwa tumbo lake lote. "Ndugu wamepatana, mama. Sasa tuchukue kapu tukavune."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lililowekwa juu mno kwa mtu yeyote kuona kitu. Kobe alikuwa amekaa mikono juu ya mapaja. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, na alipomwona Inspekta alisimama kwa taratibu zake zote, akasubiri aketi, ndipo akaketi.

"Mzee, ulimwaga dawa gani?"

"Ya wadudu."

"Kutoka chupa ipi?"

"Hiyo hiyo mliyo nayo."

Inspekta aliiweka mezani. "Humo ndani buibui ametaga."

Kobe aliinama, akachungulia kwa makini, akacheka pole pole puani. "Buibui hana adabu. Hakusubiri hata kuitwa shahidi."

"Chupa ameiweka mdogo wako. Amekiri mbele yangu."

"Ameniambia."

"Na bado umemsamehe?"

"Amenisalimia, mwanangu." Kobe alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja kitu alichokisahau. "Ameingia hapo mlangoni, akasema shikamoo kaka. Unajua ni tangu lini? Mama yetu alikuwa hai."

"Kisha akakuomba ubebe kosa."

"Akaniomba nibebe mzigo. Bonde zima limemtuma. Binti yangu mwenyewe amemtuma. Akaniambia, kaka, kesi ikiwa ya dawa, mtu mmoja ataumia. Kesi ikiwa ya udongo, tumekwisha sote. Sasa piga hesabu wewe uliyesoma. Mimi nimebakiza nini? Chakula cha jela na cha nyumbani vyote vinaingia tumboni."

"Huwezi kukiri kosa ambalo halikutendeka."

"Nimeshakiri. Imekuwa rahisi sana. Mkuu wenu alinisaidia na maneno magumu."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alikuwa na hasira na Mkuu, na yule mnene, na kijana wa stashahada, na mtu aliyepunga mkono garini, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na simu yake na neno lake la endelea. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa chumbani isipokuwa yeye.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema.

"Njaa humuumbua mapema zaidi."

Nje mtu alikuwa akipiga mhuri makaratasi, moja baada ya jingine. Inspekta aliona kwamba hatamshinda mzee huyu kwa sheria. Sheria alikuwa ameshaipima, akaiona nyepesi.

"Mzee, mdogo wako alikueleza ile metali inafanya nini?"

"Alisema imeua samaki."

"Iliyoua samaki ni nyingine. Iko ya pili, imo kwenye majani. Haiui siku ile ile. Mtu anaila leo, anaila kesho, hasikii kitu. Inaingia kwenye figo inakaa, na kadiri anavyokula ndivyo inavyoongezeka. Ukifungwa wewe, bonde litaendelea kuuza na kula, na mvua ijayo itaendelea kushuka. Nyumbani kwako mnakula mboga gani?"

"Tunakula tunacholima. Tutakula nini kingine?"

"Nani anakula zaidi?"

Uso wa Kobe ulifunguka. "Hilo nalo swali? Mjukuu wangu! Yule bwana mdogo hajaota meno yote lakini mchicha anaukata kuliko baba yake. Nyama ukimpa anatema. Mchicha ukimnyima, nyumba haikaliki. Mimi mwenyewe kila asubuhi nilikuwa namchumia, ule wa kwenye kona, mlaini zaidi, pale..."

Pale palikuwa mahali lori liliposhushia mbolea, penye tope jeusi nene zaidi, na Inspekta aliiona taarifa hiyo ikimfikia mzee kwa mwendo ule ule wa taratibu aliofikiwa na kila kitu maishani. Kwanza macho, kisha mdomo, kisha mikono, akaishikanisha juu ya mapaja.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Mzee?"

"Mmepima maji. Mmepima tope. Mmepima majani, na samaki waliokufa mmewaulizia. Kwenye mwili wa yule mtoto kimeingia kiasi gani?"

"Watu hatujapima."

"Hakuna aliyepimwa? Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kobe aliinuka. Kwa mara ya kwanza, pengine katika maisha yake yote, aliinuka kwa haraka, na kiti kikaanguka nyuma yake. Askari alifungua mlango, Inspekta akamzuia kwa mkono.

"Andika nimesema uongo," alisema mzee. "Andika ni udongo. Wakinitemea mate, na wanitemee. Lakini usianze na karatasi. Anza na mtoto. Mpeleke leo hii, mwanangu, wakampime."

"Ndiyo, mzee. Leo hii."

Alisema hivyo kwa sauti imara, akafunua ukurasa mpya na kuandika mstari wa kwanza ili asimtazame usoni. Hospitali iliyokuwa karibu aliijua vizuri, alishapeleka majeruhi wengi pale. Walipima malaria, walipima mimba, na siku ambazo dawa zilikuwepo walipima sukari.